NGUVU ZA INJINI NI AKIBA, SI KELELE

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Naiona methali hii ikitufaa sisi vijana wa Idsowe na Garsen kuliko ilivyowafaa babu zetu, maana babu zetu hawakujua turbo. Ndugu msomaji, usifunge ukurasa ukidhani nimekuja kukuhubiria. Nimekuja kutoa maoni yangu kuhusu injini, na najua wapo watakaouliza, "Ati msichana huyu anajua nini kuhusu injini?" Jibu langu ni fupi: injini haimwulizi mtu kama ni mvulana au msichana. Yenyewe hutaka oili, maji na akili.

Siku hizi saa ya mapumziko hadithi ni moja tu, nayo ni Toyota Supra. Wavulana wa darasa letu huitazama nyumbani kwenye simu za kaka zao, na wakija shuleni asubuhi ni ubishi mtindo mmoja. Mmoja husema ina nguvu za farasi 700, wa pili huapa kuwa ni 1,000, na wa tatu huongeza mpaka farasi waishe duniani. Supra yenyewe mimi sijaiona hata siku moja ikivuka daraja letu la Idsowe. Tunayoyaona hapa ni Land Cruiser, Probox, mabasi ya Lamu, malori ya maembe na bodaboda. Tena Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililopita miaka 8, kwa hivyo ile Supra inayobishaniwa, iliyoundwa Japani kati ya 1993 na 2002, haiwezi leo kushushwa bandarini Mombasa kama zinavyoshushwa Probox. Wengi waliijua kutokana na filamu ya The Fast and the Furious ya mwaka wa 2001, ile yenye gari la rangi ya machungwa.

Sasa mbona nijisumbue kuandika juu ya gari ambalo halipo? Kwa sababu maneno ya Supra hayakubaki shuleni. Yametoka yakaingia gereji. Kijana akishasikia kwamba injini ya silinda sita hukubali kuongezwa nguvu mara mbili, humwendea fundi na Land Cruiser ya babake na kumwambia, "Niwekee turbo." Na gari hilo hilo kesho litabeba mgonjwa, mama wa sokoni na mtoto wa shule. Hapo ndipo ninapotaka tusikizane. Maoni yangu ni haya: kinachostahili sifa katika injini ya Supra si nguvu inazoongezewa, bali ni akiba iliyoachwa ndani yake na waliyoiunda. Anayeongeza nguvu hazitoi mbinguni. Anakula akiba ile. Basi kabla hajaanza kula, sharti ajue akiba ni kiasi gani, na kama ipo kweli.

Hebu tuitazame injini yenyewe. Jina lake ni 2JZ-GTE. Ilitokea kwanza mwaka wa 1991 katika gari la Toyota Aristo, kisha ikawekwa katika Supra ya 1993. Ina ujazo wa sentimita za ujazo 2,997, yaani karibu lita 3, na silinda zake sita zimepangwa kwa mstari mmoja kama wanafunzi kwenye gwaride. Kipenyo cha kila silinda ni milimita 86, na pistoni husafiri milimita 86 vile vile. Ina vali 24 na turbo mbili. Turbo ya kwanza hufanya kazi injini ikizunguka polepole, na ya pili huja kuisaidia mzunguko ukipanda, ili dereva asikae akingoja nguvu.

Huu mpango wa silinda sita kwa mstari si pambo. Katika injini ya namna hii pistoni ya kwanza na ya sita hupanda na kushuka pamoja, ya pili na ya tano pamoja, ya tatu na ya nne pamoja. Msukumo wa hizi hufutwa na msukumo wa zile, kwa hivyo injini haitikisiki ovyo. Tena katika kila mizunguko miwili ya shafti kuu, kila silinda huwaka mara moja. Ukigawanya nyuzi 720 kwa 6 unapata 120. Kwa hivyo kila baada ya nyuzi 120 shafti inapata msukumo mpya, na nguvu huja kwa utaratibu. Shafti hiyo imeshikwa na beringi saba, moja kila upande wa kila silinda. Mambo yenyewe ndiyo hayo: mtikisiko mdogo, mashiko mengi. Injini isiyojitikisa haijili yenyewe.

Na nguvu zenyewe hutoka wapi? Wengi hudhani hutoka katika petroli. Kwa kweli petroli ni rahisi kuongeza, fungua tu bomba. Kilicho kigumu ni hewa ya kuiunguza. Injini ya lita 3 isiyo na turbo huvuta hewa kwa kadiri ya mapafu yake. Turbo ni feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moshi wa ekzosi, ambao ungepotea bure, huizungusha feni ya kwanza, na feni ya pili huishindilia hewa ndani ya injini. Mhimili huo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Turbo ikiongeza shinikizo kwa nusu ya lile la hewa ya nje, hewa inayoingia hukaribia mara moja na nusu, na petroli nayo huongezwa kwa kiasi hicho. Ndipo nguvu zinapopatikana.

Lakini sisi wa kidato cha tatu tumesoma sheria za gesi. Hewa ikishindiliwa hupata joto, na hewa ya joto hutanuka. Chukua asubuhi ya baridi ya nyuzi 10 kule bara, na mchana wetu wa Garsen wa nyuzi 35. Kwa kipimo cha Kelvini ni 283 na 308. Kwa shinikizo lile lile, injini yetu huku inapata hewa pungufu kwa kama asilimia 8 kabla haijafanya lolote. Kwa hivyo mtu akikuambia kuwa gari fulani Japani lilipimwa likatoa farasi kadhaa, mwulize lilipimwa katika joto gani. Hii ndiyo sababu Supra ina kipoza hewa mbele, mfano wa rejeta ndogo, ambacho huipoza hewa iliyotoka kwenye turbo kabla haijaingia kwenye silinda. Bila kupozwa, hewa ya moto huifanya petroli ilipuke kabla ya wakati wake, na mlipuko wa namna hiyo huipiga pistoni kama nyundo.

Haya, akiba ninayoisema iko wapi? Ya kwanza iko katika bloku. Bloku ya 2JZ-GTE ni ya chuma kizito, si alumini, na kuta za silinda zake zimeshikwa vyema hadi juu. Ya pili iko chini ya pistoni, ambapo kuna vitundu vinavyorusha oili kuipoza kila pistoni. Ya tatu iko katika kipimo cha kushindilia. Ndugu yake asiye na turbo, 2JZ-GE, hushindilia hewa mara 10 kwa 1. Hii yenye turbo waliishusha hadi 8.5 kwa 1. Kwa nini? Kwa sababu turbo inakuja na hewa iliyokwisha kushindiliwa, basi ni lazima uiachie nafasi. Mwenye nyumba anayengoja wageni hajazi viti vyote watoto wake.

Akiba ya nne inachekesha kidogo. Kuanzia mwaka wa 1989 hadi 2004 makampuni ya magari ya Japani yalikuwa na mapatano kwamba gari la kuuzwa huko lisitangazwe kuwa na nguvu zaidi ya farasi 280. Kwa hivyo Supra ya Japani iliandikwa 280, na ile iliyopelekwa Marekani ikaandikwa 320. Nissan Skyline GT-R ya 1989, ambayo nayo ina silinda sita kwa mstari na turbo mbili katika injini ya RB26DETT ya lita 2.6, iliandikwa 280 pia. Mkate ulikuwa mkubwa, sahani ikawekwa ndogo.

Ndiyo maana mafundi wa mbio walipoiongezea 2JZ-GTE mpulizo, haikulia. Wenye uzoefu wa injini hii hukubaliana kwamba sehemu zake za chini za kiwandani, yaani shafti, konrodi na pistoni, huvumilia mpaka kama farasi 600 au 700 ikiwa kila kitu kingine kimepangwa sawa. Huo ni ukweli, na wavulana wa darasa letu nawapa haki yao hapo. Lakini maneno "kila kitu kingine" ndiyo wanayoyaruka kama wanaoruka mtaro. Ili kufika huko hubadilishwa turbo, nozeli za petroli, pampu ya petroli, kipoza hewa, klachi, ekzosi na kompyuta ya injini. Breki na tairi nazo hazingoji kualikwa. Na ile 1,000 wanayoiapia huhitaji pistoni na konrodi nyingine zenye nguvu zaidi. Hapo umebaki na bloku, shafti na jina. Tena injini ya namna hiyo hutumika kwa dakika chache katika uwanja wa mbio, kisha hufunguliwa na kukaguliwa. Haitoki Idsowe alfajiri kwenda Malindi na kurudi kila siku ya Mungu.

Sasa turudi nyumbani. Land Cruiser nyingi za kazi tunazozijua huku zina injini ya 1HZ. Hiyo nayo ni ya silinda sita kwa mstari, lakini ni ya dizeli, ya lita 4.2, haina turbo, na nguvu zake ni kama farasi 130. Kwa sababu inafanana kwa umbo na ile ya Supra, watu hudhani inafanana kwa tabia. La hasha! Injini ya dizeli huwasha mafuta kwa joto la kushindilia, kwa hivyo 1HZ hushindilia zaidi ya mara 22 kwa 1. Viti vyote vimekaliwa tayari. Toyota wenyewe walipotaka injini ya jamii hiyo yenye turbo, hawakuchukua 1HZ wakaifungia turbo kwa bolti. Waliunda 1HD-T mwaka wa 1990, wakashusha kipimo hadi 18.6 kwa 1, na wakabadilisha hata njia ya kunyunyizia dizeli. Kama mwenye kiwanda alibadilisha vyote hivyo, wewe kijana wa gereji chini ya mkwaju utaruka vipi hatua hizo kwa nusu siku?

Nisije nikaambiwa nimetia chumvi. Mwaka jana shangazi yangu alikuwa akimpeleka mwanawe mgonjwa Malindi katika pikapu iliyowekwa turbo. Mwenye gari alijisifu tangu tulipowaaga kwamba siku hizi gari lake "linaruka." Kweli liliruka. Walipopita Minjila, jua likiwa utosini, likachemsha. Walikaa kando ya barabara kwa saa nyingi, mtoto ana homa kali, maji ya kunywa yote yakamiminwa kwenye rejeta. Gari jingine lilipowaokoa ilikuwa ni jioni. Mtoto alipona, alhamdulilahi. Gari lilikutwa na gasketi iliyoungua na silinda hedi iliyopinda, na mwenyewe alipoteza msimu mzima wa kubeba maembe. Hakuna aliyekuwa ameweka kipima joto cha ekzosi, wala kipima mpulizo, wala rejeta kubwa zaidi. Kilichoongezwa ni turbo na sifa.

Najua majibu ninayongojewa nayo. La kwanza ni Safari Rally. Watasema, "Mbona Toyota Celica yenye turbo ilishinda Safari 1984, 1985 na 1986 katika barabara mbaya kuliko hizi?" Ni kweli, Björn Waldegård alishinda mara mbili na Juha Kankkunen mara moja katika miaka hiyo. Na 1987 alishinda Hannu Mikkola katika Audi yenye turbo. Mimi sisemi turbo ni adui. Nasema timu zile zilikuwa na mafundi waliowangoja njiani na vipuri, na injini zao zilijengwa kwa kazi hiyo tangu mwanzo. Tena tazama aliyekuja wa tatu mwaka huo wa 1987. Alikuwa Lars-Erik Torph, katika Toyota Supra ya silinda sita isiyo na turbo! Na kabla ya hapo Datsun 240Z, silinda sita kwa mstari bila turbo yoyote, ilishinda Safari mwaka wa 1971, na tena 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta wa Kenya yetu. Safari ilishindwa na waliofika, si na waliovuma.

Jibu la pili ni kwamba kule Australia watu huiwekea 1HZ turbo na inadumu. Sawa, wapo. Lakini wanaojua kazi huweka mpulizo mdogo, hufunga kipima joto cha ekzosi, na hurekebisha pampu ya dizeli kwa vipimo. Hawafanyi kwa kusikiliza mlio. Kama fundi wetu atafanya hivyo, mimi wa kwanza kumpigia makofi.

Jibu la tatu ndilo linaloniudhi: "Gari ni langu, pesa ni zangu." Gari ni lako, ndiyo. Abiria je? Tangu sheria zilizoletwa na waziri John Michuki mwaka wa 2004, gari la abiria nchini halipaswi kupita kilomita 80 kwa saa. Ikiwa huruhusiwi kupita 80, farasi 300 utawalisha wapi? Mafuriko ya 2023 na 2024 yalipoikata barabara ya Lamu, hakuna aliyeuliza gari lina farasi wangapi. Watu waliuliza kama litapita, na kama likizimika kuna wa kuliwasha. Huku kwetu gari zuri ni lile linalofika.

Basi nataka nini? Sitaki vijana wapigwe marufuku kupenda injini. Nawapenda wanaozipenda. Nataka mambo matatu tu.

Kwanza, atakayeongeza nguvu apime kwanza. Apime msukumo wa silinda zote sita, aangalie rejeta, oili na mipira ya maji. Injini iliyochoka haina akiba ya kuliwa. Akishafunga turbo, aijali: abadilishe oili kwa wakati, na baada ya safari kali asizime injini papo hapo. Aiache ingurume kidogo ili oili ipoze ule mhimili, maana akiizima ghafla oili iliyobaki huungua humo ndani. Asiyejali haya atakuja kuambiwa turbo imekufa au injini imenoki, kisha aanze kumtafuta mchawi.

Pili, anayeanza na nguvu aanze na breki. Nguvu za mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi. Ukitoka 80 ukafika 160, breki hazikuongezewa kazi mara mbili, zimeongezewa mara nne. Ng'ombe wa kwetu wakivuka barabara hawaijui hesabu hii. Ni dereva anayepaswa kuijua.

Tatu, na hili nawaomba walimu wangu kwa heshima, sheria za gesi zifundishwe mbele ya injini iliyofunguliwa. Injini mbovu zimejaa kwenye gereji za Garsen zikiota kutu. Moja tu ikiletwa shuleni, pistoni ikashikwa mkononi, ubishi wa saa ya mapumziko utageuka somo, na huenda mmoja wetu akatoka hapa akawa mhandisi badala ya kuwa mshabiki. Supra mpya ya 2019 ilikuja na injini ya BMW, bado silinda sita kwa mstari, bado ina turbo, lakini bloku yake ni ya alumini. Yaani wahandisi wamejifunza kuweka akiba hata katika chuma chepesi. Hiyo ndiyo kazi ya kuonea wivu.

Vijana wenzangu, hodari si yule anayejua injini ya mwenzake imefika farasi wangapi. Hodari ni yule anayejua yake itasimama wapi, na akasimama kabla haijasimama yenyewe. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo, lakini moto uliokosa kipimo huunguza nyumba. Mwenye hoja na ailete chini ya mwembe, nitakuwapo.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, Idsowe